Mpaka Kapu Liwe Tupu

Eliwaza Mgonja alimfundisha bintiye mantiki ya wakati kwa vyombo vichafu.

Namkunda alikuwa darasa la tatu, mtoto wa majibu. Ukimwambia aoshe vyombo, anakubali vizuri kabisa. Ukirudi jioni, masufuria yako palepale na yeye yuko kwa jirani. "Mama, nilisema nitaosha. Sikusema lini." Mama mwingine angetafuta fimbo. Eliwaza, ambaye mchana kutwa alikuwa akihakiki mitambo ya maji kwa diploma yake ya chuo cha ufundi, alivuta kigoda akamkalisha.

"Yako maneno manne. Daima. Hatimaye. Mpaka. Hatua inayofuata. Anayetoa amri bila kuchagua mojawapo ni mjinga, na leo mjinga nilikuwa mimi. Haya, narudia: hutatoka kwenye mlango huu mpaka vyombo viwe safi. Umeona pengo lolote?"

Mtoto alifikiri kidogo. "Nikitokea dirishani?"

Eliwaza alipomsimulia mumewe habari hiyo, hakumshtaki mtoto kwa utundu. Alisema tu, "Huyu utamwona."

Sasa mtoto yule alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwenye suruali ya kazi na kalamu iliyochomekwa nyweleni, na kielelezo alichokijenga kilikuwa kwenye kioo cha mtambo wa uhakiki mbele ya mama yake. Kioo kizima kilikuwa kijani.

"Ajali moja katika milioni kumi," alisema Namkunda. Alijaribu kulisema kama mtu anayesoma bei ya sukari, lakini sauti ilimponyoka. "Sharti linataka moja katika milioni. Tumelipita mara kumi."

"Nimeona. Nina macho."

"Basi tabasamu, mama."

"Nitatabasamu kwangu."

Wanandiva walikuwa wamelisubiri jibu hilo kwa miaka. Ndiva Kuu, bwawa lao la juu mlimani, ililisha mashamba ya tangawizi ya huku juu na mahindi ya vitongoji vya chini, kule tambarareni. Malango yalifunguliwa kwa mikono, na mikono ni ya watu: wa juu walijikumbuka kwanza, maji yakawafikia wa chini wakati mahindi yameshajikunja. Ndipo Baraza la Maji likaagiza Mgawaji, akili ya mtambo isiyokuwa na shamba, isiyokuwa na shemeji, inayosoma unyevu wa udongo na kufungua malango yenyewe kwa haki. Namkunda ndiye aliyeibuni. Baraza liliahidi kwamba kielelezo chake kikipita, atakuwa mhandisi mkuu wa ndiva zote za mlima.

Lakini lango likifunguka, maji hushuka kwenye mfereji mkuu yakiwa kimo cha mtu na nusu, katikati ya kuta za mawe. Aliyemo hatoki. Kwa hiyo hakuna mtambo uliokabidhiwa malango bila kuhakikiwa, na mhakiki alikuwa Eliwaza.

Kuhakiki si kujaribu. Hilo aliwaambia vijana wote waliopita ofisini kwake, na hakulisema kwa upole. Ukilijaribu lango mara elfu likakutii, umepata habari za mara hizo elfu, basi. Mhakiki huchora kila hali ambayo mtambo unaweza kuwamo: lango wazi, lango limefungwa, mvua, ukame, kihisi kizima, kihisi kimekufa. Kutoka kila hali huchora mishale ya kwenda hali nyingine, na kila mshale huuandikia uwezekano wake. Kisha huuliza mchoro mzima swali moja kwa yale maneno manne. *Daima, mtu akiwa mferejini, lango halitafunguka mpaka awe ametoka.* Mtambo wa uhakiki hupita njia zote, hata zile ambazo hakuna kichwa cha mtu kingezifikiria, hurudi na namba.

Na kwa kuwa namba haizami majini, wanandiva walikuwa na sheria yao juu ya sheria: mhakiki akishaweka kidole gumba kuidhinisha mtambo, siku ya ufunguzi husimama mferejini peke yake, maji yakiwa nyuma ya lango, mbele ya watu wote.

Mwenyekiti wa Baraza, Mbonea, aliingia bila kubisha. Alikuwa mtu mnene, mwema, asiyependa kungoja.

"Kijani," alisema. "Mama Namkunda, weka kidole. Kuna watu wananong'ona kwamba mama kumhakiki mwanawe ni kupakana mafuta."

"Waulize walimu wake jinsi nilivyompaka mafuta."

"Basi?"

"Kesho ni msaragambo. Mfereji ukishasafishwa, nitaweka. Mfereji mchafu siuwekei kidole."

*

Pembe ililia jua lilipochomoza, na kama kawaida ya Upare, pembe ya msaragambo ikilia hakuna mkubwa wala mdogo. Kila nyumba ilitoa mtu na jembe. Hata watu wa vitongoji vya chini walipanda mlima na sepetu zao, wakiongozwa na Mama Kiangi, mwakilishi wao barazani, mwanamke mwembamba ambaye sauti yake ilifika kabla yake.

Wanaume wawili walitangulia kufungua vihisi vilivyochimbiwa kwenye kuta za mfereji. Watu waliviita macho. Macho hayo yalikuwa ghali na jembe halioni, hivyo kila msaragambo yaling'olewa, yakafungwa kwenye gunia na kuwekwa kando hadi kazi iishe. Na pale ukingoni, juu ya jiwe lake, alikaa Bibi Nantaya na kapu.

Kila mtu alivua bangili yake akaitia kapuni. Miaka hii ya kumwandaa Mgawaji, bangili zilivaliwa na wote, zikimwambia nani yuko wapi. Lakini tope huingia kwenye kifungo, na mpini wa jembe huvunja kioo. Tangu zamani za saa za mkono na hereni za dhahabu, kitu cha thamani siku ya msaragambo kilikwenda kapuni kwa Bibi Nantaya, au kwa mama yake kabla yake. Mbonea alitia yake. Eliwaza alitia yake huku akisalimia. Namkunda alitia yake huku akipiga miayo.

"Mhandisi, jembe halina kitufe," Mama Kiangi alimwambia. "Linasukumwa."

"Nikikupita kufika kwenye daraja, utanipikia?"

"Nikupikie nini? Mahindi yangu yanasubiri maji yako."

Walicheka, wakashuka. Mfereji ulijaa migongo kutoka langoni hadi kwenye kona ya mkuyu, watu zaidi ya mia mbili, tope likiruka, mtu akianzisha wimbo na mwingine akiuharibu. Jua lilikuwa limepanda Eliwaza aliponyoosha kiuno na, bila sababu, akatazama juu ya mnara wa lango.

Kwa majuma mawili Mgawaji alikuwa akifanya kazi akiwa amefungwa mikono. Mnyororo halisi wa chuma ulikuwa umezungushwa kwenye gurudumu la lango. Alifikiri tu, na taa ya mnarani ilionyesha wazo lake: nyekundu, anazuia; kijani, angefungua.

Taa ilikuwa ya kijani.

Eliwaza aliitazama kwa pumzi tatu au nne. Hakuna mwingine aliyeinua kichwa. Mnyororo ulikuwa mahali pake, hakuna mtu ambaye angekufa leo. Kesho taa ingekuwa nyekundu tena na namba ingekuwa ileile nzuri, na bintiye angekuwa mhandisi mkuu. Wazo hilo lilipita kichwani mwake kama anavyopita mgeni asiyekaribishwa, na yeye hakumpa kiti.

"Namkunda. Njoo hapa."

"Nakaribia kumpita Mama Kiangi."

"Njoo nimesema. Tazama mnarani."

Namkunda alitazama. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto, ukashuka mpaka kwenye kifundo, ukakuta ngozi tupu. Akageuka akalitazama kapu. Akalitazama gunia la macho kando ya kapu. Eliwaza alimwona akihesabu, midomo ikitembea kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Nilizidisha," alisema hatimaye.

"Sema vizuri."

"Macho ya mfereji hufa mara moja katika elfu. Bangili hudanganya mara moja katika elfu kumi. Nikazidisha, nikapata milioni kumi, kana kwamba moja halina habari na lingine. Lakini siku ya pembe vyote viwili vinatolewa asubuhi moja, na watu walewale, kwa sababu ileile. Macho yako guniani. Bangili ziko kapuni." Akautazama mnara tena. "Mgawaji anaona watu mia mbili wamekaa ukingoni wanapumzika, na mfereji hauna mtu."

Eliwaza alikuwa ameipitia dhana ile ya kuzidisha kwa macho yake mwenyewe na kuipitisha, yeye aliyelima mferejini humu tangu hajaota maziwa.

"Tokeni," alipaza sauti. "Wote. Kazi imeisha kwa sasa."

*

Walikutana kwenye ghala la tangawizi, tope likiwakaukia miguuni. Mbonea alisikiliza mpaka mwisho, akafuta jasho.

"Taa imewaka mara moja," alisema. "Tunatangaza kuanzia leo hakuna kuvua bangili. Tumemaliza. Weka kidole."

"Tangazo hilo hutolewa kila mwaka," alisema Eliwaza. "Mwenyekiti, yako iko wapi?"

Mbonea alitazama mkono wake. Watu wakaguna, mmoja akacheka kwa pua. Bangili ya mwenyekiti ilikuwa bado kapuni.

Kisha Mama Kiangi akasimama, na hakuna aliyecheka tena.

"Mimi sina hesabu, nina shamba," alisema. "Mahindi yetu yametoa mbelewele. Yakikosa maji siku hizi, tutavuna majani. Msaragambo mwingine ni mwakani. Mama Namkunda, weka kidole leo, mrekebishe taratibu mkiwa na nafasi. Mnamhurumia mtu wa mwakani ambaye huenda asife. Wanangu wanakula mwaka huu."

Hoja ilikuwa nzuri, na Eliwaza alijua ni nzuri. Yeye alikuwa mtu wa kufanya mambo yaende, si mtu wa kung'ang'ania karatasi. Angeweza kuijibu, lakini alikaa kimya kwa makusudi. Kazi ilikuwa ya Namkunda. Alitaka kuona. Kama mtoto angeanza kutafuta dirisha la kutokea, mama angesimama na kulifunga mbele ya watu wote, na aibu hiyo wangeibeba wawili mpaka nyumbani.

Namkunda alisimama. Alichomoa kalamu nyweleni, akairudisha.

"Mama Kiangi, ingekuwa kweli ni mwakani tu, labda ningekuomba radhi nikakubali. Lakini pembe haina kalenda. Ukuta ukibomoka kesho, pembe inalia kesho. Mvua ikileta mawe, pembe inalia. Na yeyote anaweza kuipiga, hata wewe. Siku hiyo namba yangu si moja katika milioni kumi. Siku hiyo haipo kabisa." Akageuka kwa Mbonea. "Nakiondoa kielelezo changu. Isiandikwe kwamba mhakiki kakikataa. Andikeni mwenye nacho kakiondoa."

"Unajua unachokiondoa pamoja nacho?" Mbonea alimuuliza kwa sauti ya chini. "Nafasi ile kuna watu wengine wanaitaka."

"Najua, mzee. Wapeni."

Eliwaza aliinamia kiatu chake akakifunga tena kamba ambayo haikuwa imefunguka. Alihitaji kuuficha uso kidogo. Alipoinuka alikuwa Eliwaza wa kila siku.

"Sasa mahindi," alisema. "Tutafungua lango dogo kwa mikono, watu wakisimama kila kona ya mfereji, kama zamani. Maji hayatoshi wote. Zamu yangu ya wiki hii ichukueni vitongoji vya chini. Tangawizi yangu itasinyaa, haitakufa. Mbelewele haingoji."

"Unagawa maji yako au yetu?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Yangu. Yako gawa mwenyewe, au kaa nayo tukutazame."

Mtu yule akajikuna shingo, akasema nusu ya zamu yake. Jirani yake akasema na yeye nusu. Haikutosha kwa mashamba yote ya chini; kila mtu pale alijua vipande vya pembezoni vingekauka, na Mama Kiangi alijua ni vya nani. Aliwashukuru bila kutabasamu, akaketi.

Nje, Bibi Nantaya alikuwa akirudisha bangili. Watu walichelewa kumfuata kwa sababu ya mkutano, naye alikuwa bado juu ya jiwe lake, jua likimpiga utosini.

"Bibi, nenda ukapumzike, tutazichukua nyumbani kwako," Namkunda alimwambia.

"Nende wapi na mali za watu? Siinuki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kapu liwe tupu. Mwaka ule nilinyeshewa hapa kwa ajili ya saa ya babu yako, alikwenda kulewa akaisahau. Wewe hujui mambo."

Namkunda alisimama na bangili yake mkononi, hajaivaa. Akamtazama mama yake, na mama yake tayari alikuwa anamtazama.

"Mpaka," alisema Namkunda.

"Endelea."

"Macho yakishang'olewa tu, Mgawaji anaingia hali mpya. Hali ya pembe. Ndani ya hali hiyo haulizi bangili ya mtu yeyote iko wapi. Tunaweka mzani chini ya kapu. Lango halitafunguka mpaka kapu liwe tupu na macho yamerudi ukutani."

"Mzani ukifa?"

"Mzani ukifa, kapu linahesabiwa limejaa. Lango linabaki limefungwa."

"Na ukizidisha?"

"Sizidishi kitu, mama."

"Mnasemaje juu ya kapu langu?" Bibi Nantaya aliuliza.

"Tunakuingiza kwenye mtambo, bibi."

"Mimi? Huo mtambo una kivuli?"

*

Mzani ulifungwa kwenye jiwe, na juu yake fundi akaezeka kijibanda cha bati, maana bibi alikuwa ameuliza. Eliwaza aliuhakiki mchoro mpya toka mwanzo, na safari hii alikaa na wanaume wawili wa kung'oa macho, akawataka wamwonyeshe kila wanachokifanya kwa mikono yao, hatua inayofuata hatua. Alitafuta pengo kwa hasira, kama anayetafuta fedha iliyopotea. Alipata mawili madogo. Namkunda aliyaziba bila kununa. Kioo kilipokuwa kijani tena, namba haikuwa nzuri kama ile ya kwanza. Ilipita sharti kwa nafasi ndogo. Eliwaza aliiamini zaidi kwa sababu hiyo, akaweka kidole.

Asubuhi ya ufunguzi watu walipanga mstari kingo zote mbili. Mnyororo ulikuwa umeondolewa kwenye gurudumu. Mama Kiangi alikuwa amepanda na watu wake, mahindi yao yakiwa yameokoka sehemu kubwa, na alisimama mbele kabisa mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kudai. Macho yaling'olewa ukutani mbele ya wote. Eliwaza alivua bangili, akaitia kwenye kapu tupu la Bibi Nantaya, akashuka ngazi za mawe.

Chini palikuwa na baridi. Lango lilikuwa mbele yake, chuma kinachotoa jasho, na nyuma ya lango alisikia uzito wa bwawa zima, sauti nene kama ya ng'ombe anayecheua. Mgawaji alikuwa na kila sababu ya kufungua. Mashamba ya chini yalikuwa makavu, zamu ilikuwa imefika, bangili pekee ya mtu huyu ilikuwa ukingoni, na mferejini hapakuwa na jicho hata moja.

Taa ilikuwa nyekundu.

Alisikia hatua kwenye ngazi. Namkunda alikuwa anashuka, mikono mitupu yote miwili, bangili yake ameiacha kapuni.

"Nani kakuita? Anayesimama ni mhakiki."

"Sheria inasema mhakiki asimame. Haisemi mwingine asisimame."

"Peke yake, inasema."

"Inasema wakati anaanza. Umeshaanza."

Eliwaza alitaka kumfukuza, akasogea kumpisha. Walisimama bega kwa bega, wakitazama chuma. Taa ilibaki nyekundu, ikabaki, ikabaki, hata Mbonea akaanza kujifuta shingo na kushika mkono wa mtu aliyekuwa karibu naye.

"Umetoka nyumbani umeosha vyombo?" Eliwaza aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Nitaosha."

"Lini?"

"Hatimaye."

Eliwaza alicheka. Alicheka kwa sauti, mbele ya mlima mzima, na mwangwi wa kicheko ukapiga kuta za mfereji ukarudi. Kisha akamshika mwanawe mkono, wakapanda ngazi pamoja. Wanaume wawili walirudisha macho ukutani, moja baada ya jingine. Taa haikubadilika. Namkunda alichukua bangili yake, na kapuni mlikuwa mmebaki kitu kimoja.

Bibi Nantaya alikitoa, akakiinua juu kwenye jua kama afanyavyo siku zote, hata kama mwenyewe yuko mbele yake, kwa kuwa mali ya watu haitolewi bila kuulizwa.

"Bangili hii ya nani?"

Kila mtu pale alijua ya nani. Eliwaza alinyoosha mkono.

"Ya mama yake mhandisi," alisema.

Bibi akampa, akaligeuza kapu juu chini akalipiga kofi kwenye kitako. Taa ikawa kijani, na lango likaanza kuinuka.